Kabichi za Kipupwe, Lushoto

Likizo ya Juni mwaka 1994 niliimalizia Lushoto kwa shangazi yangu, na kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kuhamisha miche ya kabichi kutoka kitaluni. Nilikuwa nimetoka Tanga mjini, ambako bustani za nyumbani ni za mchicha, bamia na matembele, kwa kuwa joto la pwani huiachia kabichi majani mengi isifunge vizuri. Lushoto, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, hupata kipupwe ambacho ndicho hasa kinachoifaa kabichi, karoti na njegere.

Mbegu, aina ya Copenhagen Market, alizisia mwanzoni mwa Mei wakati masika hayajakatika, ili miche ikulie kwenye unyevu na vichwa vije kufunga wakati wa baridi. Siku za mwisho kabla sijafika alikuwa amepunguza kumwagilia na kuondoa kivuli cha majani ya mgomba, miche izoee jua. Asubuhi nilichimba mashimo kwenye ngazi mbili za bustani iliyokuwa nyuma ya nyumba, nikiacha sentimita 60 kati ya shimo na shimo, na kila moja nikalitia samadi iliyooza. Kupanda kwenyewe kulingoja jioni, jua lilipopoa, kwa sababu mche uliohamishwa mchana hunyauka kabla mizizi haijashika.

Shangazi aliushusha mche wa kwanza hadi majani ya chini yakakaribia udongo, akashindilia kwa vidole, kisha akashika ncha ya jani moja akalivuta. Jani likachanika, mche usitikisike.

“Ukivuta ukaja mzima, mwanangu, hujapanda. Umeuegesha tu.”

Nikaanza kupima kila mche niliopanda kwa namna hiyo, hadi akaniomba nimwachie majani mawili matatu ya kukulia. Baada ya hapo tulizungushia mashina vipande vya magamba makavu ya mgomba, vikizama kidogo ardhini, kwa ajili ya sota, yule funza anayejikunja udongoni mchana na kukata miche usiku. Nimewahi kuona watu wakinyunyizia dawa bustani nzima kwa kazi ambayo gamba la mgomba linaimaliza.

Karoti hazikupitia kitalu, kwani mzizi wake ukihamishwa hupinda. Mbegu zake ndogo alizichanganya na mchanga mkavu zisirundikane, akazimwaga kwenye vifereji vya tuta lililokuwa na maharage msimu uliotangulia. Jirani aliyesimama uani alisisitiza kwamba tuta lile lilihitaji samadi mbichi. Shangazi alimjibu kwa upole kwamba samadi mbichi huzaa karoti zenye miguu miwili, akaendelea kufunika vifereji kwa nyasi, ambazo zingeondolewa mara mbegu zitakapochomoza.

Nilirudi shule kabla kabichi hazijafunga. Alipotushukia Tanga mwezi Septemba alileta vichwa viwili vilivyokaza, akaeleza kwamba mashina hakuyang'oa. Aliyachanja juu ili yachipue vichwa vidogo vya kachumbari. Yakishamalizika, ngazi zile angezipanda vitunguu, si kabichi tena wala chainizi, kwa maana mazao ya ukoo mmoja yakifuatana mahali pamoja hurithishana magonjwa ya udongoni.