Vuli imeingia bustanini Waltham, msing'oe sukuma bado

Kila mwaka mwezi wa tisa ukikaribia kuisha magrupu yetu ya Watsapu huku Marekani yanajaa kilio, baridi inakuja, giza linakuja, toeni makoti, na yule wa kwanza kung'oa sukuma wiki zake na kufunga bustani ndiye anaonekana ana akili. Mimi nasema hapana jamani, ngojeni kwanza. Nakaa Waltham, hapa karibu na Boston, ambapo sisi wa Uganda tuko wengi mpaka kwenye foleni ya duka unasikia mtu nyuma yako anasema banange, na nyuma ya nyumba tunayopanga kuna kipande cha udongo ambacho landlodi aliniruhusu nilime. Kipande hicho hakiwi kizuri mwaka mzima kama kinavyokuwa wiki hizi za mwezi wa kumi.

Labda ni kwa sababu nimekulia Busia. Kwetu Uganda mstari wa ikweta unapita pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka, watu wanasimama wanapiga picha, na Januari mpaka Desemba jua linatoka karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, hakuna mtu anayefikiria hilo. Huku mwezi wa sita mchana unapita masaa 15, mwezi wa kumi na mbili unabaki masaa 9 tu hivi, na katikati hapo, yaani sasa, mwanga unapungua karibu dakika 3 kila siku mpaka unauona kwa macho. Jua lenyewe linapita chini, halichomi kichwa tena, linaingia kutoka ubavuni na kupenya majani ya maboga mpaka unaona kila mshipa. Saa kumi jioni nikiwa nimetoka kazini navaa gambuti naenda tu kusimama pale, hata kama hakuna kazi ya kufanya nasimama.

Alafu kuna mti wa mepo wa jirani, matawi yake yamevuka ua yakaja upande wetu. Nilitaka sana kujua kwa nini majani yake yanawaka rangi vile wakati huu. Kumbe ile rangi ya njano ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa na kijani, siku zikifupika mti unaacha kutengeneza kijani na njano inatokea. Ila nyekundu ni kitu kingine, nyekundu inatengenezwa upya wakati huu kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, ndo maana mwaka ukiwa na mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha, nyekundu inakolea zaidi. Juzi niliokota moja lililoangukia kwenye sukuma, mishipa yake bado kijani kabisa, pembeni ya mishipa njano, ncha zote nyekundu, nikaliweka kwenye kioo cha dirisha la jikoni na watoto wakaanza kuleta yao mpaka dirisha limejaa.

Kazi yenyewe sasa. Usiku wa kwanza wa barafu ukipita hautabakiza dodo, yaani mchicha, hautabakiza maharage wala majani ya boga, kwa hiyo ukisikia utabiri wa baridi kali unachuma vyote jioni hiyo hiyo. Nilimpigia mama video nikiwa nimekaa na beseni la majani ya boga. Akaniuliza, "Mwanangu, unamenya zile nyuzi kweli ama unatupa tu kwenye sufuria?" Nikamwambia namenya mama, nikamsogezea simu aone, unavunja kikonyo pale juu, unavuta taratibu, uzi unashuka na ngozi yote mpaka kwenye jani. Akaridhika. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka shambani kupalilia maharage ya msimu wa pili, mvua huko imekubali, na mimi huku navuna ya mwisho, na tuliongea kama watu wawili wanaotoka shamba moja. Nyanya mbichi nazo hazitupwi, ziweke kwenye boksi na ndizi mbivu moja, ile gesi inayotoka kwa ndizi, ethilini, inaziivisha polepole ndani ya nyumba.

Kitu kinachoniuma kweli ni maboga. Huku tarehe 31 mwezi wa kumi ni Halloween, wanachonga sura kwenye boga, wanaliweka kwenye ngazi, linaoza pale pale. Chakula kizima! Hayo makubwa yana maji mengi kweli, hayana utamu kama madogo, lakini ukiyapika kwa mvuke na kuyala na chai ya asubuhi bado ni boga. Jirani zangu wameshajua, yale ambayo hawakuyachonga wananiletea.

Sasa sukuma. Hii ndo sababu ya mimi kuandika yote haya, kwa sababu naona watu wanang'oa mwezi wa tisa na inanisikitisha. Sukuma haifi na barafu kidogo. Baridi ikiipiga inaongeza sukari ndani ya majani ili maji yake yasigande haraka, kwa hiyo sukuma ya mwisho wa mwezi wa kumi ni tamu kuliko ile ya Julai, na laini, na wale wadudu wa kiangazi wamepungua. Asubuhi unakuta majani yamefunikwa na weupe, usiyaguse, ngoja jua liyayeyushe, mchana chuma. Kaanga na kitunguu tu, posho, yaani ugali, pembeni, hutatafuta nyama.

Majani ya miti pia msiyatupe jamani. Watu wanayajaza kwenye mifuko ya karatasi wanayaweka barabarani yachukuliwe, mimi naomba ya majirani nayatandaza kwenye udongo kama tunavyotandaza kwenye migomba nyumbani, unyevu unabaki na minyoo inafurahi. Chini yake napanda vitunguu saumu. Saumu inahitaji baridi ya miezi ndo igawanyike vizuri, ukiipanda sasa unaivuna Julai.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja saa zinarudishwa nyuma, tutakuwa nyuma ya Uganda kwa masaa 8 badala ya 7, kwa hiyo wa nyumbani msishangae nikichelewa kupokea simu. Na mlio Waltham na karibu hapa, sukuma zimenizidi na hatuwezi kuzimaliza. Jumamosi mchana nitakuwa nje napanda saumu, piteni na mifuko yenu mchume wenyewe.