Baadaye ni Saa Ngapi?

Mwaka 2016 nilikuwa msimamizi wa baindingi katika kiwanda kidogo cha uchapaji pale Gerezani, Dar es Salaam. Baindingi ndiko kazi inakomalizikia: karatasi zikishatoka mashineni sisi tunazipanga, tunazibana, tunazikata na kuzifunga. Tulikuwa watu 26 kiwanda kizima. Hesabu hiyo naikumbuka kwa sababu afisa kazi aliyekuja kukagua aliiandika kwenye daftari lake, kisha akamuuliza tajiri wetu wenye ulemavu ni wangapi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 yao wenye ulemavu. Kwetu hiyo ilikuwa sawa na mtu mmoja. Hata huyo mmoja hatukuwa naye.

Habari za kiwandani hazikai ndani. Mama aliyekuwa akituuzia vitumbua pale kona alinishika mkono asubuhi moja akaniambia taratibu, "Dada, mimi ninaye mmoja nyumbani. Ana usonji."

Nilikuwa nimelisikia neno hilo, ambalo kwa Kiingereza ni autism, redioni tu, kila inapofika tarehe 2 Aprili, siku ya dunia ya kuelimisha watu kuhusu usonji. Yeye alilisikia mara ya kwanza mtoto akiwa na miaka 11. Kabla ya hapo alikuwa ameshaambiwa kijana wake ni bubu, ni mkaidi, amerogwa, amedekezwa. Mwaka huo wa 2016 kijana alikuwa na miaka 22. Hapa nitamwita Sudi. Jina lake la kweli namwachia mwenyewe.

Siku ya usaili nilimwambia, "Haya, tuambie kuhusu wewe." Akakaa kimya anatazama feni inavyozunguka. Muda ukapita. Mwishowe akauliza, "Kuhusu nini?" Nikaandika kwenye karatasi yangu: hajiamini. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na beseni lake. "Dada, usimhoji," akasema. "Mpe kazi umwone." Tukampa mafungu ya vitabu vya risiti ahakiki namba. Alikaa nayo mpaka jioni. Chakula cha mchana kilimpita kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba sasa ni saa ya kula.

Wenzake walichukua muda kumzoea. Mama yake alikuwa amemfundisha kwamba aliyekuzidi umri humwamkia shikamoo, basi Sudi alimuuliza kila mtu ana miaka mingapi, tena mbele za watu, ili ajue. Ukimwambia "karibu" wakati unakula, alikuja, akanawa, akakaa, akala. Sisi tunasema karibu kwa adabu tukingoja kujibiwa "asante, starehe". Yeye aliambiwa karibu, akakaribia. Dada mmoja wa kwenye kukunja alinung'unika wiki nzima, kisha akaanza kubeba ndizi mbili za ziada. Nilimpenda sana yule dada kwa jambo lile.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo kisa hakieleweki. Kitabu cha risiti cha nakala tatu kina karatasi nyeupe, pinki na buluu, seti 50 kila kitabu. Kila rangi inapita mashineni peke yake kugongwa namba, kwa hiyo sisi tukipanga ni lazima namba za rangi zote tatu zilingane. Gurudumu la namba likikwama mara moja tu, namba inajirudia, na kuanzia hapo rangi hiyo inabaki nyuma kwa moja mpaka mwisho. Mtu asiyejua ataona ni jambo dogo. Lakini mkaguzi wa hesabu akikuta nyeupe 2319 imekaa na pinki 2318, wa kwanza kutiliwa shaka ni karani aliyeshika fedha. Watu wanaweza kupoteza kazi kwa gurudumu lililokwama.

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Tulikuwa na kazi ya vitabu 120, namba 1 hadi 6000, na mteja alikuwa anaitaka siku hiyo hiyo. Mvua ilikuwa imejaza maji mahali jenereta lilipokaa, likahamishiwa chini ya dirisha letu. Kama saa tatu hivi Sudi alikuja mezani kwangu. "Pinki si sawa."

"Baadaye, Sudi."

Akarudi kwake. Hazikupita dakika tano, akaja tena. "Baadaye imefika?" Nikamwambia asubiri, haoni nina kazi? Alipokuja mara ya tatu nilimfokea. Nilimfokea mbele ya wenzake, na sauti yangu ile naisikia mpaka leo.

Alipokwenda msalani nikaamuru meza yake isogezwe dirishani tupate nafasi ya kuweka mafungu. Sikumngoja nimwambie. Aliporudi hakuikuta mahali pake. Alikuwa bado amesimama pale meza ilipokuwa, akitazama sakafu, umeme ukakatika, na jenereta likawashwa.

Sijui nieleze vipi. Aliziba masikio, akapiga kelele, akaingia chini ya meza ya kupangia akawa anajipiga kichwa kwa kiganja. Mafungu yakamwagika. Mtu mmoja akasema amepandisha, ana mashetani. Fundi mashine, mzee wa watu, akaanza kumsomea Ayatul Kursiy kwa nia njema kabisa. Vijana wawili wakamshika mikono wamtoe. Mimi nikamshika bega. Nilidhani ndivyo anavyotulizwa mtu. Alipiga kelele kama nimemuunguza.

Mama yake aliitwa pale kona, akaja mbio na unga mikononi. Hakumgusa. Neno lake la kwanza lilikuwa kwetu: "Mwachieni. Zimeni hicho kitu." La pili: "Tokeni, abaki dada tu." Jenereta likazimwa. Akaketi sakafuni, mbali naye kama hatua nne, akanyamaza. Mimi nilisimama karibu na mlango. Mvua tu ndiyo iliyokuwa inasikika juu ya mabati. Tulikaa hivyo muda mrefu. Chai yangu ilipoa kabisa.

Sudi alitoka chini ya meza kwa magoti akaanza kuokota karatasi, nyeupe huku, buluu huku, pinki huku. Mama yake akamuuliza, "Nini si sawa?"

"2318 pinki ziko mbili. Nilisema. Akasema baadaye."

Nikaenda kutazama. Zilikuwa mbili. Alipokuja mezani kwangu mara ya kwanza ndio kwanza tulikuwa tunakipanga kitabu cha 47, ambamo namba hiyo imo. Sasa tulikuwa tumeshabana mpaka cha 60. Vitabu 14 tulivifumua siku ile tukavibana upya. Dawa yake, saa tatu, ilikuwa ni kuchomoa karatasi moja.

"Dada," mama yake akaniambia tulipotoka nje, "wewe ukisikia baadaye unajua ni lugha ya kumwondoa mtu. Yeye haijui. Kwake baadaye ni wakati, ila haina saa, basi anaungoja wakati ambao hajui utafika lini. Mtajie saa. Na makelele yale, sisi tunayasikia tukayasahau. Yeye yanamwingia mwili mzima. Alizaliwa hivyo. Si kiburi, na si shetani."

Nilimwomba radhi. Kwa Sudi niliomba kesho yake, kwa maneno machache na bila kumgusa. Alijibu, "Sawa," akauliza meza yake itakaa wapi.

Tuliirudisha mahali pake nikachora alama ya chaki sakafuni kuizunguka. Vifunika masikio vilikuwepo kabatini siku zote, vimenunuliwa kwa ajili ya mafundi mashine nao hawavivai. Kimoja kikawa chake. Mlinzi akakubali kuja kumwambia kabla ya kuwasha jenereta. Kila asubuhi nilimwandikia kazi za siku kwenye karatasi, na saa ya chakula pia. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomgharimu tajiri zaidi ya chaki.

Watu wakisikia kisa hiki huniambia, "Kumbe wana vipaji vya ajabu!" Hapana. Sipendi kauli hiyo. Sudi alikuwa mhakiki mzuri, basi. Kufunga vifurushi kulimshinda, simu hakuipokea kamwe, na wateja aliwakimbia. Alistahili ile kazi kwa kuwa aliiweza, kama sisi wengine tulivyostahili zetu, na asingekuwa amegundua ile pinki bado nisingekuwa na haki ya kumfokea. Jambo linalonichoma zaidi ya siku ile ni kwamba miezi miwili yote tulikuwa tunamlipa nusu ya wenzake, tukiita majaribio, na mimi ndiye niliyekuwa natia saini orodha ya malipo. Nilikwenda kwa tajiri nikiwa na karatasi zote alizohakiki. Alizitazama, akaguna, akaandika mshahara kamili kuanzia Mei.

Nilirudi baindingi kumpasha Sudi habari. Nilimkuta katikati ya fungu, kidole kimeshika namba. Nikamwambia nina jambo la kumweleza, lakini amalize kwanza, tutaongea baadaye. Neno lilikuwa limeshanitoka.

Akainua uso, akatazama saa ya ukutani. "Baadaye ni saa ngapi?"

"Saa saba na nusu."

Akaandika. Saa saba na nusu alikuwa mezani kwangu.