Mwembe wa kumi na nane

Mimi ni shabiki wa Yanga, na nimezaliwa Tabora. Mkao huo hauna shida siku nyingi za mwaka. Una shida jioni kama ya tarehe 7 Novemba 2024, umebanana kwenye kibanda umiza, banda la kutazamia mpira kwenye runinga, hapa Isevya, Tabora, Yanga wakiwa wenyeji wa Tabora United kule uwanja wa Chamazi, Dar es Salaam. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikaa benchi la mbele na chupa ya asali mkononi. Asali kabisa, ya porini. "Shem, Nyuki wa Tabora hao," akaniambia, "leo mtadungwa."

Tukadungwa 3-1.

Tarehe 2, siku tano tu nyuma, Azam walikuwa wametufunga 1-0 hapohapo. Kabla ya hapo tulikuwa tumeshinda mechi zote 8 za ligi, sasa ghafla kila mtu kibandani ni kocha. Mmoja anasema mabeki wamechoka, mwingine anamtaka kocha Gamondi aondoke (na kweli, haikupita muda akaondoka). Wakumbushe kwamba dhidi ya Azam tulicheza pungufu baada ya beki wetu Bacca kula kadi nyekundu, wanakuzomea. Mimi sibishi hoja zao. Ila nimewahi kuwa kipa, na kipa huwa anaangalia vitu vingine.

Chamazi si kwetu. Ni kwa Azam. Mechi ile ya tarehe 2, ratiba imeandika Yanga mwenyeji na Azam mgeni, lakini mgeni ndiye mwenye funguo za nyumba, mwenyeji kaja na begi. Watu wanasema tuliumizwa na kuukosa Uwanja wa Benjamin Mkapa tuliouzoea, maana unaingiza mashabiki 60,000 na Chamazi haizidi 10,000. Kelele zinasaidia, ndiyo. Mimi lakini kilichowahi kunitoa roho hakikuwa kelele.

Timu yetu ya mtaa ilikuwa na kiwanja chenye miembe upande mmoja, kama kila kitu Tabora kilivyo na miembe. Mistari tulichora kwa majivu, na kufika kipindi cha pili majivu yote yako kwenye njumu za watu. Mimi sikuhitaji mistari. Mwembe wa tatu kutoka kona ulikuwa sawasawa na mwisho wa kumi na nane, lile eneo ambalo kipa anaruhusiwa kudaka. Mpira mrefu ukija, natoka mbio, jicho moja kwenye mpira na jicho moja pembeni. Mwembe ukinifikia begani najua mikono imekwisha ruhusa, napiga teke. Miaka mitatu sikukosea.

Halafu mwenye eneo akazungusha uzio ajenge. Tukahamia kiwanja cha kuazima upande wa pili wa reli. Kizuri, tambarare kuliko chetu, goli zina hadi nyavu! Mashabiki wetu walewale walikuja, na mama wa mahindi ya kuchoma akahamisha jiko lake. Mechi ya kwanza, dakika za mwisho, bila kwa bila, mpira mrefu ukaja. Nikatoka. Nikatupa jicho pembeni kutafuta mwembe: hakuna kitu, uwazi mtupu hadi kwenye nyumba za watu. Nikaudaka. Kwa furaha kabisa nikaukumbatia, hatua mbili nje ya kumi na nane. Kadi ya njano, faulo, mpira ukapita juu ya ukuta wetu na kutulia wavuni. Nyavu zile zile nilizozisifia.

Basi nilipowaona Yanga wakihangaika Chamazi, mabeki wakiachia mpira ambao Kwa Mkapa wangeushughulikia wakiwa wamefumba macho, nilijiuliza miembe yao ni ipi. Labda ni kona fulani ya jukwaa, au bango la matangazo. Nilijaribu kumweleza shemeji, akacheka mpaka akapaliwa. Anasema nimetafuta kisingizio kirefu kuliko reli ya kati.

Yanga walihamia uwanja wa KMC Complex baada ya hapo, na msimu ukaisha tukiwa mabingwa. Nilimpigia simu shemeji siku hiyohiyo. Akauliza kama asali yake imeisha.

Haijaisha. Aliiacha kwangu makusudi usiku ule, mke wangu anawatilia watoto kwenye chai. Mimi natumia sukari.