Jiwe la Blarney

Mama alipokuja kunitembelea Ayalandi nilikuwa nasoma Cork, basi nikampeleka Blarney, kijiji kilicho kilomita kama nane kutoka mjini. Nilitaka aione ngome ambayo jina lake limeingia kwenye kamusi za Kiingereza. Blarney ni maneno matamu ya kumsifu mtu hadi alainike, na hata akishtukia kwamba anabembelezwa, hapati hamu ya kukasirika.

Mnara uliopo ulijengwa mwaka 1446 na ukoo wa MacCarthy. Ngazi zake ni za mawe, nyembamba, za kuzunguka, na Mama alipanda akiwa amenishika bega. Juu kabisa, jiwe lenyewe limo ukutani chini ya ukingo, hulifikii ukiwa umesimama. Unalala chali, unakamata vyuma viwili, mfanyakazi anakushikilia, kichwa kinaning'inia nyuma, kisha unalibusu. Imani yao ni kwamba ukilibusu, ulimi wako haukwami tena.

"Yote haya ili mtu ajue kuvisha wenzake kilemba cha ukoka?" Mama akauliza.

Nikamsimulia kisa kama wanavyokisimulia wenyewe. Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alitaka mabwana wa Ayalandi wamkabidhi ardhi zao, kisha wazipokee upya kwa hisani yake. Cormac MacCarthy, bwana wa Blarney, hakukataa. Kila alipodaiwa alijibu kwa sifa, utii na ahadi, na kila ahadi ilipoiva, ukazuka udhuru mwingine. Inasemekana malkia alichoka, akasema hayo yote ni Blarney tu.

Mama alinyamaza kidogo. "Huyo simlaumu, mwanangu. Alikuwa na kwao pa kulinda. Angesema hapana wazi, wangekuja na majeshi."

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeyaweka maneno yote ya kusifia katika kapu moja. Lakini anayejikomba kwa mkubwa hutaka apewe. MacCarthy alitaka asinyang'anywe. Naamini ndiyo sababu neno hilo halina karaha: pale Cork nililisikia likisemwa kwa tabasamu, hata kwa fahari kidogo, wakati mtu wa kujipendekeza wanamdharau kama tunavyomdharau sisi.

Mimi nililala chali nikalibusu. Mama hakutaka. Nilipoinuka nilimkuta anamuuliza yule mfanyakazi, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kama barua za bwana huyo zimehifadhiwa mahali, na kama mtu anaruhusiwa kuzisoma.