Nilivyoifufua pikipiki ya vita, BSA, kwa mshahara wa ualimu

Wengi wakiiona wanadhani imekula mamilioni. Haikula. BSA M20 ya babu ililala miaka mingi kwenye banda la karafuu Wete, Pemba, na mimi niliyeirithi ni mwalimu wa sekondari, mshahara wangu unajulikana. Kilichoniokoa ni mashine yenyewe. Ni nyepesi kuitengeneza: askari aliyekwama jangwani aliweza kuifungua kando ya njia na kuifunga tena kwa spana chache. Urahisi uliomfaa askari yule ndio uliolinda mfuko wangu.

Kampuni ya BSA ya Birmingham ilianza mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki, na kwenye Vita vya Pili vya Dunia ilitoa M20 zaidi ya 120,000. Injini ni ya silinda moja, ujazo wa sentimita za ujazo 496, nguvu za farasi kama 13, gia nne. Nyuma haina springi hata moja isipokuwa zile za chini ya kiti. Kwa kuwa zilitengenezwa nyingi, spea zake bado zinauzwa Uingereza hadi leo. Tatizo ni nauli ya kuzileta na ushuru wa kuzitoa. Kwa hiyo nilijiwekea sharti: kinachoweza kufanywa na mikono ya watu wa hapa kifanywe hapa, na cha kuagiza kiwe kile tu ambacho hakuna atakayeweza kukitengeneza.

Niliipakia kwenye jahazi la mizigo hadi bandari ya Malindi, Unguja, nikaiingiza uani kwetu Miembeni. Rangi sikuigusa. Nimeona vijana wanaanza na rangi na kromu, pesa inakatika, pikipiki inabaki pambo. Mimi niligawa hivi: kwanza iwake, pili isimame kwa breki, uzuri ungojee.

Kabla ya yote hayo kulikuwa na suala la spana. Nati za M20 ni za vipimo vya zamani vya Kiingereza, si milimita. Ukilazimisha spana ya milimita inakula kona za nati, na nati ya namna ile huipati dukani Darajani. Nikamwendea mzee mmoja wa mtaani aliyetengeneza Land Rover za miaka ya hamsini, maana na zile zilikuwa na nati za vipimo vya Kiingereza.

"Shikamoo, Ami. Nimekuja kukuazima spana."

"Marahaba. Chukua, mwanangu, lakini kila moja irudi na jina lake."

Zilikuwa kwenye kopo la maziwa, zimepakwa grisi, zinang'aa. Zile spana peke yake zilinipunguzia gharama kubwa.

Kutu niliitoa kwa molasi. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma, na madgadi, tangi na mabano yote yalikuwa mekundu. Molasi ndiyo ile wafugaji wanayowapa ng'ombe, bei yake ndogo. Unachanganya sehemu moja ya molasi na sehemu kumi za maji kwenye pipa, unazamisha vyuma, unaviacha wiki mbili tatu. Harufu itawasumbua majirani, ziba pipa. Inakula kutu na kuacha chuma kizima, tofauti na asidi kali ambayo inakula vyote. Lakini usitie kitu cha alumini humo, kitaharibika. Kwa hiyo kasha la injini na kabureta vikae mbali. Na chuma kikitoka, kioshe, kikaushe juani, kipake mafuta hapo hapo. Ukikiacha hadi asubuhi kitakuwa kimeanza kutu upya.

Magneto ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko yote. M20 haitegemei betri kuwaka: magneto ya Lucas inazalisha cheche yenyewe inapozungushwa. Yangu ilitoa cheche nzuri ikiwa baridi, injini ikipata moto cheche inakufa. Hiyo ni dalili mashuhuri ya kondensa, kile kifaa kidogo cha kutunza umeme, iliyochoka, na kondensa yenyewe imefichwa ndani ya sehemu inayozunguka. Kuituma Uingereza ikasukwe upya ni pesa ambayo sikuwa nayo. Nikaamua kuifungua. Hapa nawasihi wenzangu: kabla hujaichomoa ile sehemu ya ndani, toa kwanza kichukulio cha umeme, brashi ya kushusha umeme kwenye mwili, na skrubu ndogo ya usalama iliyo ubavuni. Ukivuta na vitu hivyo vikiwa mahali pake, unavunja ringi ya kuchukulia umeme, na ringi hiyo ni ghali. Nyaya za ndani zilikuwa salama. Fundi wa redio, kijana mwenye mkono mtulivu sana, alinichomea kwa risasi kondensa mpya ndogo inayohimili volti mia kadhaa. Jioni ile tuliipasha moto magneto, tukaizungusha, cheche ikabaki ile ile ya buluu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Injini ilikuwa rahisi kuliko nilivyotaraji. Valvu zimekaa ubavuni mwa silinda, kwa hiyo kichwa kinatoka bila kugusa valvu. Nikakwangua masizi, nikasaga valvu kwa mkono hadi zikakaa vizuri, nikanunua ringi za pistoni kutoka nje, na gaskiti nikazikata mwenyewe. Tundu za jeti za kabureta nilizizibua kwa mshipi wa kuvulia, waya ungezipanua. Kebo zote alinitengenezea fundi wa Vespa. Watu hawa tunao mjini Unguja na hatuwathamini inavyostahili: ukimpa kebo kuukuu anakurudishia mpya ya urefu ule ule, kichwa kimechomewa risasi safi. Bushi za foku alizikereza mtu wa mashine ya kukerezea. Brekishuu zilibandikwa upya kwa wanaotengeneza za malori. Matairi ya rimu za inchi 19 yaliletwa kutoka Kariakoo ya Dar.

Rangi ilikuja mwisho, na niliifikiria sana. Watu wanaijua kwa kijani cha jeshi. Lakini kwetu sheria inamkataza raia kuvaa sare za jeshi, na sikutaka chombo changu kimtie askari yeyote wasiwasi barabarani. Kumbe historia yenyewe ilikuwa na jibu: kuanzia mwaka 1942 hivi, malighafi ya rangi ya kijani ilipoadimika, magari na pikipiki za jeshi la Uingereza zilipakwa kahawia. Kwa hiyo yangu ni kahawia isiyong'aa, imepakwa kwa brashi, na ni rangi halali ya vita.

Kuiwasha kuna adabu yake. Unarudisha nyuma wakati wa cheche kwa wenzo wa kwenye usukani, la sivyo kiki itakurudi mguuni. Unainua valvu ya ekzosi kwa wenzo mwingine, unaipitisha pistoni kileleni, ndipo unapiga kiki moja ya kushiba. Mgandamizo wake ni mdogo, petroli yoyote ya kituoni inaifaa.

Sasa naipeleka hadi Bububu na Mahonda siku za mapumziko, mwendo wa wastani, kwa sababu breki za ngoma zinataka nafasi. Ami alipoisikia mara ya kwanza alitoka barazani akaihesabu midundo kwa kidole, kisha akasema cheche iko mbele kidogo. Alisema kweli. Kilichobaki ni dainamo ya taa, ya volti 6, haichaji bado. Nimeanza kuiwekea pesa, na kwa sasa jua likikaribia kuchwa nakuwa nimesharudi nyumbani.