Mbona sisi hatumo?

Tangu Jumapili sauti ya kitindamimba wangu haijanitoka masikioni. Alikuja kunisaidia kuteremsha lile sanduku la madaftari ya safari, yale kumi na manne ninayowasimulia kila mara, akaketi sakafuni akaanza kupekua. Milima, milango, madaraja, mashua, milango tena. Alipofika la tisa akainua kichwa: “Mama, mbona sisi hatumo?”

Basi. Hakulalamika. Aliuliza kama mtu anayeuliza funguo ziko wapi. Nikamjibu harakaharaka, “Mwanangu, mlima unatulia, nyinyi hamkuwa mkitulia.” Akacheka, akafunga daftari, tukaendelea na kazi.

Jumanne nimekabidhi muswada, Jumatano binti yangu mkubwa amejifungua salama nami nimekuwa bibi, na bado nikizima taa namsikia yule wa mwisho: mbona sisi hatumo? Namjibu upya kichwani. Namwambia kumchora mtoto kunataka mkono mwepesi ambao sina. Uongo huo, nimechora ndege wakiruka. Namwambia niliwahi kumchora dada yake usingizini. Ni kweli, mara moja, tena karatasi yenyewe niliitundika karibu na dirisha, jua likala wekundu wote, sasa shavu la mtoto lina rangi ya jiwe. Rangi za maji ndivyo zilivyo, hasa ule wekundu niliokuwa nikiupenda zamani: ndani ya daftari lililofungwa hudumu miaka, penye mwanga hufifia.

Jibu la kweli ni kwamba saa ya kuchora ilikuwa saa pekee ambayo sikuwa mama wa mtu. Niliwapa mgongo makusudi, nikautazama mlima. Sijawahi kuliandika hili popote.

Jana nikalifungua sanduku tena, peke yangu. Safari hii niliiacha michoro, nikasoma pambizo. Mnayajua mazoea yangu ya kuandika majina ya rangi pembeni pale muda unapokuwa mfupi. Niliyachukua kwa Delacroix, yule mchoraji Mfaransa: alipokwenda Moroko mwaka 1832 alijaza vijitabu vyake michoro na maneno pamoja, na miaka mingi baadaye, akiwa Paris, bado alikuwa akichora picha za kule. Basi kwenye ukurasa wa daraja, daftari lilelile la tisa alilolishika yeye, nimeandika kwa penseli: “Maji kijivu, karibu zambarau.” Chini yake: “Mdogo anasema si zambarau, ni usiku umeanza kuingia majini.” Na kwenye kona, herufi zikiwa zimeinama: “Amenilalia mguuni. Mguu umekufa ganzi. Kikombe cha maji sikifikii.”

Kumbe ndiyo maana mbingu ya picha ile imepakwa upande mmoja! Miaka yote nilidhani mvua ilinikatiza. Upande wa kulia brashi imekaukiwa, rangi imechanikachanika kama nywele, kisha karatasi tupu.

Nikaupiga picha ukurasa, nikamtumia. Kimya saa nzima, halafu: “Mama, ile rangi ilikuwa usiku kweli.” Alikuwa na miaka minne, sidhani kama anakumbuka, lakini ujumbe huo nimeusoma nisivyoweza kuhesabu. Nimeanza kunakili pambizo zote, daftari baada ya daftari, kila mtoto na maneno yake, kwa wino, kwenye karatasi nzuri isiyogeuka manjano upesi. Michoroni bado hawamo, hilo najua.

Kinachonitia hofu sasa ni jicho la kushoto. Tangu juzi nikifumba la kulia, mistari ya karatasi inapinda katikati, na neno ninalolitazama ndilo linalopotea. Daktari atanipima Jumatatu.