Nilivyofanikiwa kusoma faili za alama za mapigo ya moyo kwa WFDB

Ukiambiwa ufungue faili la alama, yaani lile linaloonyesha kila pigo la moyo liko wapi kwenye rekodi, kwa kihariri cha matini, au ulibadilishe jina liishie na .txt, usipoteze jioni yako. Mimi yangu ilikwenda hivyohivyo, kwa maelekezo ya mtu aliyeongea kwa uhakika mkubwa, na kilichotokea kwenye skrini ni herufi zisizosomeka. Faili lile ni la binari. Kwa kawaida alama moja hukaa ndani ya baiti 2: biti 6 ni za aina ya alama, biti 10 ni za umbali wake kutoka alama iliyotangulia, ukihesabiwa kwa sampuli, yaani vipimo vya wimbi vinavyochukuliwa kwa nafasi sawa za muda. Kihariri cha matini kitakusomea nini hapo?

Basi nikaambiwa nitumie WFDB, maktaba ya kusoma rekodi za moyo, ndani ya Python, nimpe rdann, amri yake ya kusoma alama, jina lote la faili, '100.atr', kisha 'atr'. Jibu: hakuna faili linaloitwa 100.atr.atr. Nikaambiwa tena, aa, tatizo ni nukta, andika '100' na '.atr'. Sasa ikatafutwa 100..atr! Hapo nikaacha kusikiliza watu, nikakaa kuangalia jina lenyewe limeundwaje.

Ni vitu viwili tofauti. '100' ni rekodi ya hifadhidata ya MIT-BIH, yaani mawimbi ya moyo wa mtu mmoja. 'atr' ni jina la mwekaji alama. Nukta inatiwa na maktaba yenyewe, wewe usiiguse. Na kuna maana kubwa kuvitenganisha, kwa sababu rekodi moja inaweza kuwekewa alama na wengi: atr ni za wataalamu, qrs ni zile zinazoandikwa na gqrs, programu inayotafuta mapigo yenyewe, na zako utazipa jina lako. Kwenye lugha ya C ni vilevile: jina la mwekaji alama linaingia kwenye WFDB_Anninfo pamoja na WFDB_READ (kwamba unasoma), na rekodi unampa annopen, amri ya kufungua alama, pembeni.

rdann('100', 'atr') ikafunguka mara moja. Nilifurahi sana. Kuhakikisha, tazama alama ya kwanza: iko sampuli ya 18 nayo ni '+', ambayo si pigo bali inatangaza mdundo. Pigo la kwanza liko 77. Kwa hiyo usihesabu alama zote ukasema ni mapigo.

Sasa sehemu ninayojivunia. Nilitaka kipande kidogo tu, kuanzia sampuli ya 1800 hadi 2400, kwa sababu pale 2044 kuna 'A', pigo la atiria (chumba cha juu cha moyo) lililowahi. Pigo la kabla yake liko 1809, kwa hiyo pengo ni sampuli 235 wakati mapengo yaliyotangulia yanakaribia 290. Kwa sampuli 360 kila sekunde, ni kama sekunde 0.65 badala ya 0.8. Nikakata mawimbi na alama kwa sampfrom na sampto (sampuli ya kuanzia na ya kuishia) zilezile, nikachora, alama hazionekani! Mawimbi yalikuwa yameanza kuhesabiwa upya kutoka sifuri, alama bado zinahesabiwa kutoka mwanzo wa rekodi, kwa hiyo 2044 iliangukia mbali nje ya kipande cha sampuli 600. Dawa ni kumpa rdann shift_samps=True. Alama zikahamia 9 na 244, zikakaa juu ya vilele vyake sawasawa. Nimeona watu wakitoa 1800 kwa mkono kila mara, na siku wakibadili kipande wanasahau kubadili namba.

Ukifika kuandika alama zako kwa wrann, amri ya kuandika alama, tafadhali usiziite 'atr'. Ukiwa ndani ya folda ileile utafuta alama za wataalamu, halafu bxb, programu inayolinganisha alama pigo kwa pigo, italinganisha nini na nini? Mimi hutumia jina fupi la herufi tupu, na write_dir huielekeza kwenye folda nyingine kabisa.